Frasila ya Temeke

Baba, shikamoo. Nimefika salama, ila moyo una uchungu. Nta uliyonipa, frasila mbili kamili, mnunuzi wa hapa Temeke kaipima akasema hazitimii. Nikamwambia, "Baba yangu kanifundisha frasila ni ratili thelathini na tano, tangu Waarabu walipoileta pwani."

Akacheka. "Neno la Waarabu, mizani yangu. Hapa ni ratili arobaini."

Mzee mmoja wa Newala, aliyesimama nyuma yangu na gunia lake, akaninong'oneza, "Uza tu, mwanangu. Sie sote tunajua."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mvua ilikuwa ikinyesha, nami sina pa kuihifadhi nta, nikauza. Niwie radhi, baba. Mungu akulinde, wewe na mizinga yako.

Mwanao, Somoe