Salamu Zilizomaliza Betri

Butiama, 6 Mei 2024

Mwanangu Jofrey,

Hamjambo hapo Musoma, mtaani Kamunyonge? Mafua ya mjukuu wangu yameisha? Huku sisi wazima, ng'ombe wazima, ila magoti yangu ndiyo yanalalamika. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikataga kabla sijamaliza kusalimia.

Nimepata kadi yako ya kliniki ndani ya sanduku la marehemu baba yako. Nyuma ameandika herufi na tarakimu, na jina: Okumu, Kisumu. Uchungu wa kukuzaa wewe ulipogoma siku mbili, baba yako alibeba redio ya misheni mpaka juu ya kilima chetu akaomba msaada. Okumu ndiye aliyemsikia, akapiga simu hospitali ya Musoma, gari likaja kunichukua. Miaka thelathini na tatu sijamwambia asante.

Wewe si una leseni ya hizo redio za kuongea na watu wa mbali? Mtafute. Ila usimwambie sababu, nitasema mwenyewe.

Ni mimi mama yako

Musoma, 19 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mafua yameisha, mjukuu wako anaulizia maziwa ya mgando.

Zile herufi ni jina la Okumu la hewani, na yupo! Ana miaka sabini na moja, bado anashika redio kila Jumamosi asubuhi. Hapa mtaani nyaya za umeme zina kelele, simsikii vizuri, kwa hiyo tupande kilima kilekile. Nitakuja tarehe mosi Juni na redio, waya wa antena na betri ya pikipiki. Ruhusa ya wewe usiye na leseni kuongea nikiwa pembeni nimeshaomba, nimepewa.

Betri ni ndogo, mama. Naomba salamu ziwe fupi.

Mwanao, Jofrey

Butiama, 3 Juni 2024

Mwanangu,

Ulifika salama? Mkeo hajambo? Mimi tangu juzi sina raha.

Kupanda tulipanda vizuri, tukapumzika mara nne, ziwa likaonekana lote. Sauti ya Okumu ikatoka safi, kama yuko jikoni kwangu. Sasa mtu mzima unamwanzaje bila kumjulia hali? Nikamuuliza mke, watoto mmoja mmoja, mvua, mahindi. Naye akaniuliza ng'ombe. Ulipokuwa unanivuta kanga nikaona huna adabu. Nilipofika "sasa kaka, nilichokuitia," redio ikazima.

Nisamehe. Tulihangaika bure, na kwa magoti haya sijui kama nitafika kule juu tena.

Mama yako

Musoma, 20 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Magoti je? Nimempa Naomi wa dagaa dawa ya kuchua akuletee, pamoja na sato wawili.

Usiombe msamaha. Watu wa redio wakishaongea hutumiana kadi, ushahidi kwamba walisikiana. Ya Okumu imefika jana. Ameandika kwa mkono:

"Kilima ulichonitajia nakikumbuka. Mwaka 1991 bwana mmoja aliniita kutoka hapo, mkewe ameshindwa kujifungua, kisha betri yake ikaisha. Sikujua mwisho wake. Niliposikia mama anaongea, nilitumaini ndiye yeye, kwamba alipona. Nilitaka kuuliza habari ya mtoto, nikaogopa jibu."

Nimesoma nikalia, mama. Ningeweza kumjibu leo hii, lakini neno hilo ni lako. Nalisubiri.

Mwanao, Jofrey

Butiama, 23 Julai 2024

Mwanangu,

Asante. Leo neno hilo limetangulia, salamu zitafuata karatasi ikitosha. Asante kwa dawa, kwa samaki, na kwa kunivumilia kule juu.

Jumamosi hii panda wewe. Mimi nitakaa uani nikuangalie. Ukimpata usimsalimie. Msomee hivi, usiongeze kitu:

"Kaka Okumu, asante. Mtoto aliishi. Ndiye huyu anayekusomea."

Betri ikibaki, muulize mahindi yake yameendeleaje.

Ni mimi mama yako