Chaji Mpaka Themanini

Bunia, tarehe 11 Agosti 2024

Kwa yaya Tharcisse, kaka yangu mukubwa mupendwa,

Jambo sana. Natumaini barua hii inakukuta muzima huko Kampala, na kazi ya duka inaendelea vizuri. Hapa nyumbani mama na mimi hatujambo. Goti la mama linamsumbua asubuhi tu. Akianza kutembea analisahau.

Yaya, mashini ya kompyuta uliyonitumia imefika. Mutu wa agence ya basi aliniita kwa jina mbele ya abiria wote, nikaona haya mpaka nikasaini pasipo pangu. Mama aliiweka juu ya meza, akatandika chini yake kile kitambaa cha Krismasi, akaiombea, kisha akaniambia: "Njoo ufungue weye. Weye ndiye uko na diplôme." Asante sana, yaya. Ninakuandikia kwa sababu kwa simu siwezi. Ukipiga, mama anaweka sauti kubwa, majirani wanasogea kusikiliza, na mimi maneno yananikimbia.

Niko na swali. Unajua nyumbani hatuna courant ya umeme. Ninaipeleka kwa Floribert, yule anayechajia watu simu kwa groupe yake, ile mota ya umeme, karibu na soko. Pale kila mutu anaacha kitu chake asubuhi na kurudi jioni. Wote waliniambia kwamba batri mupya lazima kwanza imalizwe mpaka mashini izimike yenyewe, halafu ichajiwe siku nzima, ili ijifunze kushika. Nimekwisha kufanya hivyo mara mbili. Lakini jana nilipoichukua, tumbo lake lilikuwa la moto kama sufuria, nikaogopa. Ni kweli wanavyosema?

Mudogo wako anayekupenda,
Kaswera


Kampala, tarehe 30 Agosti 2024

Mudogo wangu Kaswera,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mimi niko muzima, ni mvua tu inatusumbua. Mwambie mama apake ile dawa ya goti niliyotuma, asiitunzie wageni.

Weye mutoto, unataka kuzika batri kabla ya Krismasi? Wale wa kwa Floribert wanakumbuka batri za zamani. Hizi za sasa hazifundishwi kitu. Usingoje mashini izimike yenyewe. Ikishuka mpaka ishirini kwa mia, ipeleke. Ikifika themanini, ichomoe. Kukaa imejaa kabisa na kukaa imekwisha kabisa, yote mawili yanaizeesha. Siku ya kazi nyingi unaweza kuijaza mpaka mia, si dhambi, lakini usiiache pale ikiwa imejaa na waya uko ndani. Joto ndilo linaiua haraka zaidi. Isikae juani, na Floribert asiiweke karibu na groupe yake. Zaidi ya hayo, usimwachie. Keti nayo mpaka ifike.

Ukifuata hayo itakubeba miaka. Na utaihitaji, kwa sababu ninataka uanze informatique pale institut mwezi wa kumi na moja. Inscription, pesa ya kukuandikisha, niachie mimi. Musichana mwenye diplôme hawezi kukaa nyumbani kuchambua maharagwe.

Usimwazime mutu. Hata mutu wa familia. Ninarudia: hata mutu wa familia.

Yaya yako,
Tharcisse


Bunia, tarehe 6 Oktoba 2024

Kwa yaya Tharcisse,

Ninakusalimu kwa furaha na ninatumaini mvua imepungua. Mama amerudi salama kutoka Butembo kwa mambo ya dot yako, ile mahari. Anasema muchumba wako Plamedie ni murefu, na kwa kucheka anakushinda weye. Tumefurahi wote, na mimi ninangoja kumuona belle-sœur, wifi wangu.

Nimefanya kama ulivyoniandikia. Ninaketi kwa Floribert kwenye benchi, mashini kwenye magoti, ninangoja. Vijana wa pikipiki wanaochaji simu wanaketi pale pia, na unawajua.

"Mademoiselle, imeiva?"

"Bado. Sabini na ine."

"Ongeza kuni!"

Floribert naye: "Siku moja uiache ijae, mutoto. Ao inasikia kizunguzungu ikipanda juu?"

Wamenipa jina, Mama Quatre-Vingts, ndiyo Mama Themanini. Siku za kwanza nilikuwa ninaangalia viatu vyangu tu. Sasa mashini ikifika ninasema kwa sauti: "Themanini, papa, chomoa," na benchi nzima inapiga makofi. Yaya, mimi! Mimi ambaye mwalimu alikuwa ananiambia niandike jibu ubaoni kwa sababu hasikii ninachosema.

Habari kubwa ni hii. Madame Marie-Claire, mwenye secrétariat pale watu wanapochapisha barua za kuomba kazi na karatasi za ofisi, amenichukua. Courant ikikatika, mashini zake mbili zinazimika papo hapo. Batri zao zilikufa zamani, kwa kukaa na waya kila siku ya Mungu. Yangu inaendelea. Wateja wanabeba karatasi zao na kuhamia kwenye meza yangu, na madame anawaambia: "Huyu mutoto iko na batri!" Nimeanza kumnunulia mama sabuni na sukari.

Inscription inafunguliwa mwisho wa mwezi. Niambie nitayarishe karatasi gani. Picha nimekwisha kupiga.

Mudogo wako mwenye kukushukuru,
Kaswera


Kampala, tarehe 17 Novemba 2024

Mudogo wangu,

Salamu. Unisamehe kuchelewa, kazi imenibana. Mama aendelee na ile dawa.

Mambo ya shule, mwaka huu mkono haujafika. Tutaona mwaka ujao. Weye uko na kazi, si vibaya.

Niandikie ukweli: mashini inashika saa ngapi bila courant? Iko na mikwaruzo? Kartoni yake na plastiki uliweka wapi? Usitupe. Kwa huyo Marie-Claire usiiache hata siku moja, na usibandike picha za kwaya juu ya kifuniko.

Endelea kuitunza hivyo hivyo.

Yaya yako,
Tharcisse


Bunia, tarehe 15 Desemba 2024

Kwa yaya Tharcisse,

Natumaini uko na afya. Siye huku tuko wazima kwa mwili tu.

Kwanza ninajibu maswali yako. Inashika saa ine na kitu. Haina mukwaruzo. Kartoni iko juu ya kabati la mama. Ile habari ya shule nimeisikia.

Unajua kwamba tumemzika baba mukubwa. Pole kwako pia, ninajua alikupenda. Matanga yalikuwa kwake, chini ya turubai la bâche, watu walijaa mpaka barabarani. Siku ya pili mchana Orly, mutoto wake, alikuja kuniambia redio ya kwaya imeharibika, nilete mashini waweke nyimbo ndani yake, wachomeke kwenye groupe mpaka matanga yaishe. Nilimwambia siwezi. Nilisema polepole, kama ninavyosema siku zote, akafikiri sikumwelewa. Akarudi na shangazi Godelive.

"Weye Kaswera, mashini iko wapi?"

"Iko nyumbani, shangazi. Haiwezi kukaa na waya siku tatu. Batri itakufa."

Watu waligeuka kuniangalia, yaya. Hata wale waliokuwa wanalia.

"Batri itakufa," shangazi akasema. "Mumesikia? Ndugu yangu iko mu udongo, huyu anatulilia batri."

Nikasema ni weye uliyenikataza kuiazima, hata kwa mutu wa familia. Nilidhani hilo litanisaidia. Shangazi akapiga makofi mara moja: "Tharcisse hawezi kusema vile. Tharcisse ni mutoto wa watu."

Tangu siku ile hawanisalimu. Nilikwenda kuosha sahani pale matanga, wakanitoa sahani mikononi. Mama naye kanisani anaketi mbali na wao kwa sababu yangu. Nilifanya vile kwa neno lako. Ninakuomba kitu kimoja tu: mwandikie shangazi ao umpigie simu, umwambie kwamba ni kweli ulisema.

Mudogo wako,
Kaswera


Kampala, tarehe 19 Januari 2025

Mudogo wangu Kaswera,

Heri ya mwaka mupya, na Mungu awape afya. Goti la mama linasemaje?

Mambo ya matanga nimesikia. Shangazi alinipigia yeye mwenyewe. Nimeona si vizuri kubishana na mutu aliye mu kilio, nikamwambia weye ni mutoto, utajifunza. Itapita.

Sasa sikiliza vizuri. Plamedie anakuja Bunia mwezi wa pili. Atakaa nyumbani na mama, atasoma informatique pale institut. Nimekwisha kumwandikisha. Nimetuma pia muchango ili nyumba iunganishwe courant, kwa sababu hawezi kusoma kwa tochi. Atahitaji mashini. Nilifikiri kumnunulia nyingine, lakini zile za sokoni batri zimekufa zote, na yako inashika saa ine. Kwa nini nitupe pesa? Utampa hiyo.

Ninajua labda ulifikiri ni zawadi kabisa. Mimi nilikuachia uitumie na uitunze, na umeitunza vizuri sana, Mungu akubariki. Kwako tutatafuta njia ingine. Weye uko na kazi, umezoea kungoja.

Mufundishe Plamedie namna ya kuchaji. Yeye hana subira kama yako.

Yaya yako,
Tharcisse


Bunia, tarehe 9 Machi 2025

Tharcisse,

Mama ni muzima. Plamedie amefika salama. Mashini nimempa siku ile ile, na chaja, na kartoni, na plastiki.

Siku iliyofuata nilikwenda kazini mikono mitupu. Madame Marie-Claire aliniketisha. Akasema: "Kaswera, ninakupenda, uko na adabu, na hukosei herufi. Lakini vidole niko navyo vya kutosha hapa. Kitu nilikosa ni batri." Alinipa soda, nikainywa pale mbele yake kwa sababu sikujua jinsi ya kukataa, nikarudi nyumbani. Floribert aliniuliza njiani Mama Quatre-Vingts amepotelea wapi. Nikamwambia tuko na courant nyumbani sasa.

Juma lililopita shangazi Godelive alikuja, mara ya kwanza tangu matanga. Hakuja kwangu. Alimwomba Plamedie mashini kwa nyimbo za ibada ya ukumbusho wa baba mukubwa. Plamedie akasema ndiyo kabla shangazi hajamaliza. Walikaa nayo siku mbili. Sasa kila mutu anasema umeoa mutoto wa watu. Mimi nilipoteza familia kwa kukataa mashini, na yeye ameipata kwa mashini ile ile, na katazo lilikuwa lako weye.

Plamedie si mubaya. Anasaidia kupika, na ni kweli anacheka vizuri. Aliniambia: "Belle-sœur, Tharcisse amesema utanionyesha mambo ya kuchaji." Nilimjibu: "Mwulize mwenyewe." Alishangaa. Mama pia aliinua macho kutoka kwenye mboga. Sijawahi kukataa neno lako, unajua. Hili ninalikataa. Maneno yalikuwa yako, uliyaandika kwenye karatasi moja. Kuketi kwenye benchi niliketi mimi.

Jana nilipita mbele ya chumba cha Plamedie. Mashini ilikuwa juu ya godoro, imefunikwa nusu kwa kikwembe chake cha kujifunga, waya ndani tangu asubuhi, na ndani yake kile kifeni kilikuwa kinalia kwa kukosa hewa. Plamedie alikuwa nje anasuka nywele. Nilisimama mulangoni. Mkono wangu ulitaka kwenda kuchomoa waya.

Nilichukua bidon, nikaenda kuteka maji.

Kaswera