Skrubu ya Nane ya Honda ya Maalim

Jumamosi, 8 Februari 2025

Nimefanya ujinga leo, na nimeufanya huku natabasamu.

Baada ya Alasiri amekuja Maalim Hamid, anaisukuma Honda yake kutoka Mkunazini mpaka hapa Malindi. Jua kali, kanzu imemganda mgongoni. Baba yake Ulfat — mlangoni kwangu! Posa yangu ina wiki tatu nyumbani kwake. Ami yangu alipeleka barua, wakasema wataulizia habari zangu kama ilivyo desturi, na jawabu litatoka kabla ya Ramadhani. Ramadhani hiyo inaingia mwisho wa mwezi.

Shikamoo Maalim. Marahaba. Akasema mafuta yanavuja ubavuni mwa injini, mkewe Bi Saadiya amechoka kufuta mlangoni, na yeye amesikia kwamba mimi ni fundi.

Mimi ni fundi wa AC. Nafunga na kuosha viyoyozi vya hoteli za Paje. Pikipiki naijua kwa kuipanda. Lakini ulimi wangu — nitaukata huu siku moja — ukajibu, "Hiyo kazi ndogo, Maalim. Siku mbili tu." Akanitazama. Alisomesha hesabu miaka thelathini, anamjua mtoto ambaye hakufanya zoezi. Kisha akarudi zake kwa miguu.

Honda ya zamani, aliirithi kwa baba mkwe wake, inang'aa utadhani sinia la harusi. Siku mbili!

Jumapili, 9 Februari

Gasketi mpya, ile karatasi ya kuzuia mafuta yasivuje, nimeipata Darajani. Mafuta nimeyamwaga. Kifuniko cha ubavuni kina skrubu nane za nyota. Nikasema nane ni nini, mimi kwa siku nafungua mia. Nikashika bisibisi yangu ya betri, ile ya kufungia AC.

Krrrr. Kichwa cha kwanza kimelika. Nikasema hii mbovu. Ya pili — krrrr. Ya tatu niliisukuma kwa hasira, ile nyota ikawa tundu la duara, laini kama ndani ya kikombe. Hapo ndipo nikaacha. Mwenye akili angeacha kwenye ya kwanza.

Skrubu tatu zimeharibika na hakuna hata moja iliyosogea.

Jumatatu, 10 Februari

Paje kutwa. AC nne. Niko juu ya ngazi, akili iko chini Malindi. Jioni nimezipulizia dawa ya kutu skrubu zote nane. Maalim huenda Chukwani kila wiki kwa dada yake, njia ya pwani, miaka nenda miaka rudi. Chumvi yote hiyo imekwenda wapi? Imekaa humu inanisubiri mimi.

Jumanne, 11 Februari

Nimeweka kipande cha mpira wa tyubu juu ya kichwa kilicholika, ili bisibisi ipate pa kushika. Jamaa wa kwenye video niliyoiona kwenye simu aliitoa huku anapiga soga. Mimi mpira umechanika.

Jumatano, 12 Februari

Ujumbe wa Ulfat. Baba yake ameuliza mara tatu wakati wa kula kama kuna habari ya Honda. Mara tatu! Bi Saadiya akasema labda kijana ameshahama nayo. Halafu Ulfat akaniuliza mwenyewe: "Kwani we pikipiki unazijua?"

Nikamtumia picha ya maua.

Isha nimesali msikiti wa mbali ili nisikutane na Maalim. Nampenda binti wa watu hadi namkimbia baba yake kwenye swala. Nikikosa jawabu zuri safari hii, najua sitapeleka barua nyumba nyingine. Nimeshasema, na hapa hakuna wa kunicheka.

Alhamisi, 13 Februari

Nimenyoosha mikono. Nimekwenda Jang'ombe kwa Ubwa, tuliyesoma naye, fundi pikipiki wa kweli. Nimemweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Ungekuja siku ile ile ungekuwa ushamaliza na chai ushakunywa."

Kumbe! Skrubu za Kijapani nyota yake haina kina kirefu. Ncha ya bisibisi yangu ni ndefu, haifiki kukaa vizuri, inaelea, kisha inazila kuta. Ubwa akaisaga ncha ya bisibisi moja kwenye jiwe, kidogo tu, akaitia kwenye skrubu ya pikipiki iliyokuwepo pale. Ikakaa ikatulia, hata ukiiachia haianguki. Tena hufungui kabla ya kugonga. Unagonga kichwa kwa nyundo, kutu inashtuka, ndipo unazungusha. Ameniazima na ile bisibisi nene ya chuma, unaipiga nyundo kisogoni yenyewe inajizungusha kwa nguvu.

Nikamuuliza siri ni nini. Akasema siri hakuna, ila skrubu inamjua mtu mwenye haraka.

Ijumaa, 14 Februari

TANO!

Zile tano nilizokuwa sijazigusa zimetoka zote. Gonga, gonga, piga — tak! Ya kwanza ilipoachia nilipiga ukelele, bibi mwenye nyumba akachungulia kutoka juu akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, bibi, skrubu imetoka. Akasema alhamdulillahi, akafunga dirisha.

Nimezipanga kwenye kisahani. Zina kutu, zina ubaya wake, lakini nimeziangalia kwa muda mrefu.

Jumamosi, 15 Februari

Leo zile nilizoziharibu. Ya kwanza nimeikata mfereji kwa kipande cha msumeno wa chuma, nikatia bisibisi bapa, nikagonga, nikazungusha. Imetoka! Ya pili mfereji ulivunjika. Nikachukua tindo, nikaiweka ukingoni mwa kichwa na kuigonga kwa upande, pole pole, kuelekea inakofungukia. Saa nzima. Kidole gumba nimekipiga mara mbili. Imetoka nayo.

Saba. Imebaki moja, ya chini nyuma, karibu na kiki ya kuwashia. Hiyo haisikii nyundo, haisikii tindo, haisikii dua.

Jumapili, 16 Februari

Nimemwita Ubwa. Akaja, akapiga magoti, akaikwangua pembeni kwa sindano. Kikatoka kitu cha manjano, kigumu, kinang'aa.

"Hii si kutu," akasema. "Hii gundi. Ile ya mirija miwili unayochanganya. Kuna mtu kaharibu uzi wa ndani, ile mizunguko ya kushika skrubu, kisha kaipaka gundi kaizamisha. Fundi mwizi huyo."

Furaha niliyoipata! Kwa hiyo kuna mtu mwingine mwenye makosa! Ubwa alipoondoka nilishapanga maneno yote. Maalim, uliletewa hasara na fundi asiyemcha Mungu. Maalim, mimi nimekuta kazi imeshaharibiwa. Zile tatu nazo nitamtwika huyo huyo. Nani atajua?

Nimekula vizuri leo, mara ya kwanza wiki hii.

Jumatatu, 17 Februari

Sina hamu ya kula.

Nilimuuliza Ulfat, kwa ujanja, ni fundi gani aliyekuwa akiitengeneza Honda zamani. Akajibu papo hapo.

"Fundi gani? Hiyo hapewi mtu. Tangu nazaliwa Baba huishika mwenyewe. Na kabla yake Babu, hata kuiosha hakumpa mtu ila Baba. Alipokuletea wewe sote tulishangaa."

Nimeusoma ujumbe huo mara kumi. Kwanza nilifurahi: hapewi mtu, nimepewa mimi! Kisha nikaelewa. Kama hakuna fundi, basi gundi ameitia Maalim mwenyewe. Mtu anayenipima kama nafaa.

Sasa nifanye nini? Nikisema kuna fundi mwizi, nimemwita baba mkwe mwizi. Nikisema gundi ni yako Maalim, nimemvua nguo mtu mzima. Nikinyamaza, nitaonekana mimi ndiye niliyeshindwa na skrubu moja.

Jumanne, 18 Februari

Paje. Nimefunga AC ya chumba namba sita kichwa chini. Msimamizi wa hoteli akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 19 Februari

Nimekwenda. Nimesali Magharibi msikiti wao, safu ya pili, nikamsubiri nje kwenye viatu.

Nilisema hivi, bila kupumua: Maalim, mimi si fundi pikipiki, ni fundi wa AC, nilisema kazi ndogo kwa sababu niliona haya kusema sijui. Skrubu tatu nimezila mwenyewe kwa bisibisi ya betri. Saba zimetoka. Moja haijatoka. Kosa ni langu, unistahamilie.

Gundi sikuitaja. Ilinifika mpaka kwenye meno, nikaimeza.

Maalim akauliza jambo moja tu: "Iliyobaki ipi?"

"Ya chini nyuma, Maalim. Karibu na kiki."

Akainama kuvaa viatu. Alikaa na kile kiatu cha kushoto muda mrefu sana, na wala hakina kamba. Kisha akasema ahsante, na usiku mwema. Usiku mwema — jua ndiyo kwanza limezama!

Nimerudi nyumbani miguu mizito lakini kifua chepesi. Ajabu.

Alhamisi, 20 Februari

Ulfat anasema baba yake amekaa kibarazani anasafisha miwani. Jawabu la posa hakuna anayelitaja. Sitaigusa ile skrubu mpaka nipate neno lake.

Ijumaa, 21 Februari

Bado. Ami amepiga simu kutoka Matemwe, mama yangu anataka kujua kama akate nguo za harusi au asikate. Nimemwambia asubiri. Ami akasema sauti yako si ya mtu wa kusubiri. Nikacheka. Bado nina tamaa, sijui ya nini, lakini ninayo.

Jumamosi, 22 Februari

Naandika haraka, mikono ina grisi, ukurasa umeshachafuka.

Maalim amekuja saa tisa. Hakusukuma kitu, hakubeba kitu. Amekaa kwenye kibao changu hapa ukumbini, mbele ya Honda, akaiangalia ile skrubu kama mtu aliyekutana na mdai wake sokoni. Kisha akaanza.

"Hii nliitia gundi mimi. Mwaka tisini na moja. Nna miezi sita nimeoa."

Honda ilikuwa ya baba yake Bi Saadiya, mzee mkali, haazimi mtu. Maalim alimwambia nipe niifungue, naweza. Alikuwa hawezi. Wakati wa kufunga aliikaza skrubu hii hadi uzi wa ndani ukakatika. Akanunua gundi, akaizamisha, akafuta, akairudisha. Mzee akamsifu! Alipokufa akausia Honda apewe Hamid, kwa kuwa ndiye anayejua kuitunza.

"Miaka thelathini na nne, Jecha. Kila nikiiosha nnaipita ile skrubu nnatazama pengine. Ilipoanza kuvuja nlijua siwezi kuifungua. Nkakuletea wewe. Usidhani nlikuja kukujaribu. Nlikuja kwa kuwa nlishindwa."

Nikasema hapana neno, Maalim.

"Ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu, Maalim."

Akahesabu kwa vidole. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Akajua kwamba pale kwenye viatu nilikuwa nimeshajua. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa, akaivua tena. Machozi yalinilenga, sitaki kusema uongo kwenye daftari langu mwenyewe.

Nikamwambia gundi ile haipendi moto. Kuipiga ni bure, ila ikipata joto inalegea. Na moto ninao, ule mtungi mdogo wa gesi wa kuchomelea mabomba ya shaba ya AC. Mafuta yamemwagwa tangu wiki mbili, nimepangusa kote, petroli nimetoa. Nikaukata mfereji kwenye kile kichwa, Maalim akinimulikia kwa simu. Nikawasha. Tukaipasha, tukangoja, tukaipasha. Nikatia bisibisi, nikabonyeza.

Ikasogea! Unywele tu. Tumeiona wote wawili!

Maalim akanishika mkono. "Zima kwanza."

Nikazima. Nikadhani ameogopa kifuniko kisipasuke.

Akasema Bi Saadiya hajui kitu. Skrubu hii ikitoka leo bila ya yeye kuona, atakuwa amemficha mara ya pili, na safari hii amenifundisha na mimi kuficha. Akasema nisiiguse, anakwenda kumwita. Akatoka bila kofia, kofia iko hapa juu ya tangi.

Hiyo ilikuwa robo saa iliyopita. Skrubu inapoa, itabidi tuipashe upya, haidhuru. Nimefagia ukumbi. Nimeuacha mlango wazi. Bibi mwenye nyumba nimemwomba ashuke akae, pasiwe na maneno, Bi Saadiya hajawahi kuingia hapa. Amekaa. Anauliza kuna nini. Sijui nimwambie kuna nini.

Nawasikia kwenye uchochoro. Bi Saadiya anasema, "Gundi? Gundi gani, Hamid?" Maalim anamwambia ngoja uone.

Kuna viatu vingine. Watu watatu hao, si wawili! Bibi ameinama kuchungulia, amegeuka kunitazama, ameweka mkono mdomoni. Mwanamwari haletwi nyumbani kwa aliyemposa, haletwi, si kabla ya jawabu — na baba yake mwenyewe ndiye anayetangulia mbele anasema, "Ulfat, angalia hapo chini pana ngazi."

Shati! Sina shati, shati langu nimepangusia inj