Hakuna Aliyeniroga, Shangazi

Mwamkulu,
Mpanda, Rukwa.
24 Juni 1997

Mpendwa Shangazi Verdiana,

Shikamoo. Kifua je, upepo wa Dodoma haujakiamsha tena? Sisi huku wazima. Narudia, wazima, na mimi nimo.

Naandika huku Jeniffer ananyonya, kwa hiyo mwandiko usiushangae.

Shangazi, uliandika kwamba unapanda treni kuja kunichukua, eti mama mkwe ameniroga miguu. Usipande. Hakuna aliyeniroga. Nimetoka hospitali ya rufaa, wamenitoa maji ya uti wa mgongo wakapima. Ugonjwa unaitwa multipo sklerosisi.

Daktari alinieleza kwamba mwilini tuna walinzi tuliozaliwa nao. Hawasubiri kufundishwa adui ni nani, wanapiga kwanza, halafu wanawaita wenzao. Nikamwambia, "Kama sungusungu wetu!" Si unakumbuka walivyompiga Leodgar mlangoni kwake mwenyewe wakidhani ni mwizi, filimbi ikalia, kijiji kizima kikaja kumalizia? Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Akasema ndivyo hivyo. Walinzi wangu wamekosea, wameivamia mishipa yangu ya fahamu wakaichuna ganda, ikawa kama waya wa redio uliochunika. Ndiyo maana miguu ilikufa ganzi na jicho likaingia ukungu.

Sindano zimewatuliza. Kuisha hauishi, unaweza kurudi, sikufichi. Lakini jicho linaona, na nimejua joto ndilo linanilegeza, basi napalilia asubuhi mapema na saa sita nimeshakaa kivulini.

Sasa sikia. Mama Josefina, huyo unayemwita mchawi, ameniogesha miezi minne. Kwa ajili ya maneno kama yako watu walianza kumkwepa kisimani.

Jumapili nikamfunga Jeniffer mgongoni, nikatembea mwenyewe mpaka kanisani. Mama mkwe nyuma yangu, mikono mbele kama anakimbiza kuku. "Utamwangusha, we Odeta!" "Simwangushi, mama." Tulipofika wanawake wakapiga vigelegele. Nikawaambia kwa sauti, aliyeniinua ni huyu hapa nyuma.

Leo kisimani wamempisha achote wa kwanza.

Mume wangu Gaspar na baba mkwe Respicius wanakusalimia sana. Treni upande Agosti, tunambatiza Jeniffer. Ukishuka, mkono wa kwanza umpe mama Josefina.

Mungu akutunzie kifua, na miguu pia.

Mwanao anayekupenda, tena anayetembea,
Odeta