Kona ya Kulia ya Maktaba

Jumatatu, 6 Machi
Nimepata kazi! Si harusi, si picha za pasipoti. Napiga picha za maktaba mpya, ghorofa tatu, na picha zinakwenda kwenye shindano la wasanifu majengo. Aliyenipendekeza ni kaka — mafundi wote pale alikuwa anawasimamia yeye. Msanifu mwenyewe, ambaye kuanzia leo namwita Bwana Mistari, alitazama picha nilizopiga kwa simu akaguna. Eti kuta zake zimelala chali kama zinaota jua. Picha zikimpendeza, jengo lake lijalo anampa kaka tena, na mimi nitalipiga. Akanituma kwa muuza kamera.

Jumanne, 7 Machi
Muuza kamera ana miwani machoni na nyingine ameisahau kichwani. Ameniazima lenzi mbili za tilt-shift hadi Jumatatu: moja nitanunua, nyingine narudisha. Zina shingo hizi! Unazungusha kifundo, lenzi inapanda juu, kamera inabaki imetulia bila kuinua uso, na ukuta unasimama wima. Moja ni ya milimita 24. Nyingine ya 17, inaona pana zaidi, na jicho limeitoka kama la chura. Nimezibeba kama watoto wachanga wa watu.

Jumatano, 8 Machi
Mtaa wa maktaba ni mwembamba. Kwa 24 nilirudi nyuma, nikarudi nyuma, mpaka nikaingia dukani kwa fundi cherehani, mgongo kwenye suti za wateja. Akaniuliza kama nimekuja kupimwa. Na bado kona ya kulia haiingii. Kwa 17 jengo zima linaingia, ila pipa la taka la pembeni limevutika mpaka unaweza kuogea ndani.
Kingine — kwenye 17 ile kona ya kulia imeinama kidogo kwa nje. Lenzi mbovu. Basi nachukua 24, yamekwisha.

Alhamisi, 9 Machi
Nimekwenda dukani na maneno yangu yote. Muuza kamera hakubishana. Akapiga fremu ya mlango wake kwa ile 17, akaweka rula kwenye skrini. Imenyooka. Akasema, dada, lenzi haina ugomvi na mtu. Nimeona haya.

Ijumaa, 10 Machi
Leo nimeielekeza 24 kwenye kona ile peke yake, kamera nimeipima kwa pimamaji. Imeinama vilevile, hasa ghorofa ya juu. Jengo la jirani liko wima.
Si lenzi. Ni ukuta. Ukuta wa kaka.
Kwenye picha za simu kila ukuta umelala, nani angeuona wake?

Jumamosi, 11 Machi
24 inaikata ile kona, na picha ni nzuri kweli. Hakuna atakayejua. Bwana Mistari alisema lenzi nichague mwenyewe, mwenye macho ni mimi. Naogopa: kona ikionekana, jengo lijalo kaka halipati.

Jumapili, 12 Machi
Chakula cha mchana kwa kaka. Ile picha yangu mbaya ya simu ameitia fremu, ameitundika sebuleni. Wifi anasema kila kaka akipita hapo ananyoosha kola. Tukacheka wote, na mtoto akacheka kwa kutuona.
Nilikusudia kunyamaza. Mdomo ukanisaliti kwenye chai. Nikamuuliza kaka ghorofa ya juu alisimamia nani. Akacheka — mimi, nani mwingine? Halafu akaacha kucheka. Wiki ile wifi alikuwa amelazwa kusubiri kujifungua, na yeye hakukanyaga kazini. Aliporudi mafundi wakamwambia tumeshapima, akaamini, plasta ikapigwa. Hakuniuliza kwa nini nimeuliza. Alinyanyuka akaenda kutafuta timazi yake.

Jumatatu, 13 Machi
Niko kwenye kizingiti cha fundi cherehani. Asubuhi kaka alipanda juu ya paa, akashusha timazi kwenye kona ya kulia. Uzi mrefu, kipande cha shaba chini. Kikayumba, kikazunguka, kikatulia. Juu uzi unagusa ukuta. Huku chini vidole vitatu vinapita kati ya uzi na ukuta, nimevipitisha mwenyewe.
Akauliza kutoka juu, inasemaje? Nikamwambia shuka.
Muuza kamera amepiga simu, anataka jibu kabla ya saa sita. Bwana Mistari yuko njiani, anakuja kuona nimefikia wapi. Nimefunga 24 kwenye kamera. Nimeifungua. Nimefunga 17. Nimeifungua nayo.
Kaka ameshuka taratibu, si kawaida yake. Amepitisha vidole vyake mahali pale pale nilipopitisha vyangu. Amekaa hapa kando yangu, vumbi la paa magotini. Ameniuliza lenzi inayoiona kona ni ipi.
Zote mbili ziko mapajani mwangu, na ninaandika ili mikono iwe na kazi.