Kaka Yako Ameshika Mashine Tena

Nyumba ileile, mlango uleule unaokwama,
Jumapili jioni, 14 Juni.

Mpendwa wifi,

Pokea salamu zangu kabla sijaanza kuropoka. Hujambo wewe, na goti halijambo? Mara ya mwisho ulisema linakusumbua ukipanda ngazi, nikakushauri ulikande kwa maji ya moto, ukanijibu kwamba mimi si daktari bali mfagiaji wa zahanati. Sawa, lakini mfagiaji huyu anawasikia madaktari kila siku. Likande. Shemeji naye, presha imetulia? Na watoto wanasoma au wanakusumbua tu? Sisi ni wazima, tunakula, tunalala, na binti yetu anarefuka mpaka magauni yanamkimbia. Wasiwasi wetu ni ninyi mlio mbali.

Sasa kaa chini. Kama uko jikoni, zima jiko kwanza. Nina habari za kaka yako, na safari hii ni njema.

Ningekupigia simu, lakini nyumba yetu unaijua: vyumba viwili na ukuta wa mbao katikati, na kaka yako husikia hata ninachowaza. Ningengoja atoke ndipo nikupigie, ila wewe nawe ukisikia sauti yangu tu utaanza maswali, na sitafika mwisho. Kwa hiyo nimechukua kalamu, na mkono unakimbia kuliko akili. Mwandiko utanisamehe.

Unajua tulipoishia. Tangu walipobomoa lile jengo kupanua barabara, na kibanda chake cha kunyolea kikaenda nalo, mume wangu alijikunja. Alijaribu mtaa wa pili, wateja hawakumfuata. Akauza viti na vioo. Mashine ya kunyolea akaifunga kwenye taulo akaisukuma uvunguni. Baada ya hapo ikawa ni kochi na dirisha, dirisha na kochi. Nikimwambia atoke, anasema kesho. Nawe ulipomwambia aje kwenu, shemeji atampa kazi dukani, ulidhani umemsaidia. Yeye alisikia umemtukana. Mwaka mzima hajapokea simu yako. Nimeshuhudia simu ikiita mezani naye anaitazama tu mpaka inanyamaza. Sikukwambia kwa sababu ingekuuma. Niliogopa, wifi. Niliona mtu aliyenioa anaisha mbele ya macho yangu, na mimi kazi yangu ni kumpelekea chai.

Kwenye ubao wa matangazo pale zahanati kuna karatasi moja niliyoipangusa vumbi siku zote bila kuisoma. Siku moja nikaisoma. Kumbe lile jengo refu la nyuma, lililokuwa ghala la magodoro, sasa ni kituo cha jamii, na mimi napita mlangoni pake kila asubuhi nikidhani ni karakana. Nikaingia baada ya kazi, ndoo ikiwa bado mkononi. Kuna dawati la ushauri kwa waliofukuzwa kazi na waliofukuzwa nyumba. Kuna stoo ya kuazima vifaa: ngazi, misumeno, toroli, cherehani. Kuna chumba cha kulelea watoto ili mama aende akatafute kazi akiwa na mikono miwili. Kuna kabati la nguo za kwendea kwenye usaili, mashati yamepigwa pasi, viatu vimepangwa kwa namba. Na vyote ni bure. Nilizunguka mle ndani mdomo wazi, mpaka mwenye kituo akaniuliza kama nimepotea.

Huyo mwenye kituo ni mkunga mstaafu, wote wanamwita Mama Funguo kwa sababu huning'iniza funguo za milango yote shingoni, na ukizisikia zinakuja unajipanga. Nilimweleza habari za mume wangu nikiwa nimesimama. Aliniambia nimlete Jumamosi, ila nisimwambie kwamba anakuja kusaidiwa, kwani wanaume wa namna hiyo amezalisha wake zao wengi na anawafahamu. Nikaenda nyumbani nikamwambia kaka yako kwamba kituo kinahitaji watu wa kupanga mabenchi. Usinitolee macho. Mabenchi kweli yalihitaji kupangwa. Nilipunguza tu ukweli kidogo.

Pale kituoni wana utaratibu wao, na huo ndio ulioleta kizaazaa chote. Anayekuja mara ya kwanza haulizwi shida yake. Hakuna beji kifuani, hakuna meza ya mkubwa. Anapewa chai, anakaa naye mtu wa kujitolea, na huyo wa kujitolea ndiye anayeanza kueleza matatizo yake mwenyewe, ya kweli, ili mgeni asione aibu. Kaka yako akakalishwa na dereva wa lori wa zamani, mtu mzima mwenye fimbo na ndevu mpaka kifuani, wanamwita Breki. Breki akamweleza jinsi lori lilivyopinduka naye, mguu ulivyoharibika, alivyojifungia ndani asitake kuona gari wala mtu. Kaka yako akasikiliza mpaka chai ikapoa.

"Kuna mzee wa watu pale, hana hata wa kuongea naye," akaniambia aliporudi. "Jumamosi lazima niende tena. Nisipokwenda mimi atamsikiliza nani?"

Wifi, niligeukia sufuria nikakoroga maji matupu ili asinione uso.

Jumamosi iliyofuata aliinama uvunguni akatoa lile taulo. Alisema aliyekata tamaa utamjua kwa ndevu, na Breki hatainuka mpaka anyolewe. Anasema hayo, na zake mwenyewe zimefunika kola ya shati. Alimkalisha Breki kwenye kiti cha plastiki uani, akamfunga shuka shingoni, akawasha mashine. Nilikuwepo, maana nilishaanza kuwasaidia kuosha vikombe. Breki alinitazama mara moja, akafumba macho, ndevu zikaanguka zote. Mwanzoni kaka yako alikwenda polepole kama anayejifunza. Kisha mkono ukazoea, akawa anamgeuza kidevu huku na huku kama zamani, akampaka spiriti, akarudi nyuma hatua kuangalia kazi yake. Alipoinua uso, watu walikuwa wamepanga foleni. Mmoja ana usaili, mwingine anataka kurudi kwa mkewe, mwingine anataka tu aonekane mtu.

Ikawa ndiyo kazi yake ya Jumamosi. Siku moja nilimkuta mbele ya kioo chetu kilichopasuka anajinyoa mwenyewe. Akirudi, mikono ya shati imejaa nywele za watu, na mimi ninayechukia kufua nywele nilizifua nikiimba.

Na usidhani ni yeye tu. Mimi pia nimeazima cherehani pale stoo, nimeshusha pindo za magauni yote ya binti yetu, na mwalimu wa ushonaji anasema mkono wangu si mbaya. Amesema hivyo mbele ya watu. Lakini ya kwangu yasubiri.

Kisha mambo yakaharibika. Mbele ya kile kituo kuna chumba kidogo chenye dirisha la barabarani. Hupewa mtu mmoja anayeanza upya, akitumie mpaka asimame mwenyewe, halafu ampishe mwingine. Fundi viatu aliyekuwemo kapata pa kwake. Mama Funguo akamwita kaka yako, akamwambia chumba ni chake akikitaka, kwa kuwa Breki amesema yuko tayari. Kaka yako akauliza Breki anahusikaje. Mama Funguo hajui kuzunguka mambo.

"Si ndiye niliyemweka akusaidie," akasema.

Nilimwona usoni. Hakufoka. Alikunja waya wa mashine taratibu, akaondoka. Nyumbani akarudi kwenye kochi, akageukia dirisha, na mimi akaninunia kwa yale mabenchi. Simlaumu. Mama Funguo akanitumia ujumbe kwamba chumba kitangoja mpaka Jumamosi tu, kuna fundi saa anakihitaji na ana watoto wadogo. Hapo nikaona tumerudi tulikotoka, tena pabaya zaidi, kwa sababu safari hii hata mimi haniamini. Nilikwenda kazini nikafagia korido moja mara mbili bila kujua.

Alhamisi Breki akaja kwetu. Sijui alipandaje kile kilima na ule mguu. Alikataa kiti, akasimama katikati ya chumba anajikuna kidevu, ndevu zimeota mabaka mabaka.

"Nimekuja uninyoe," akamwambia kaka yako. "Zinaniwasha."

"Nenda kwa hao wanaosaidia watu."

"Nisikilize wewe. Zile ndevu nilizifuga tangu mwanangu wa mwisho azaliwe. Sasa hivi ana mke. Siku uliponinyoa, mama watoto alilia."

Kaka yako akageuka kutoka dirishani. "Kwani ulikuwa unazitaka?"

"Nilizitaka sana. Nani kakwambia sizitaki?"

"Na ukakaa kimya nikazimaliza zote?"

"Ulikuwa umeshika mashine kwa mara ya kwanza tangu wakubomolee. Ningesema nini, bwana?"

Kaka yako akamtazama kile kidevu. Akajaribu kujizuia, nikaona mabega yanamcheza, kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Breki kwanza alinuna, halafu na yeye ikamshinda, wakawa wawili. Binti yetu alitoka chumba cha pili kuangalia ni mgeni gani anacheka hivyo. Hakuijua sauti ya baba yake.

Akamnyoa. Wakabaki wanaongea kwa sauti ya chini, na mimi nikaenda zangu uani kuanua nguo zilizokuwa bado mbichi.

Jana ndiyo ilikuwa Jumamosi. Kaka yako alivaa shati la kola, akaniambia tufuatane. Nilimfuata bila kuuliza, kwa sababu nikiuliza angeweza kubadili mawazo. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Mama Funguo.

"Nimekuja kusaidiwa," akasema. "Nakitaka kile chumba."

Mtu ambaye hakubali hata kubebewa mfuko wa vitunguu, wifi. Na alisema mbele ya foleni nzima ya chai. Tena akaomba wagawane chumba na fundi saa, fundi apewe upande wa dirishani, kwani saa zinataka mwanga na vichwa vya watu havijali. Mama Funguo akaona ni sawa. Leo mchana kutwa wamepaka rangi, wao wawili, na Breki ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa anawaelekeza palipobaki. Kesho asubuhi wanafungua. Nimechoka kwa furaha, sijui kama unanielewa. Nikikaa nasimama, nikisimama nasahau nilichosimamia.

Msalimie sana shemeji, mwambie nafasi ile ya dukani ampe mwingine, na tunamshukuru sana. Nisalimie kifungua mimba wako, na yule mdogo mtundu umvute sikio kwa niaba yangu. Mama mdogo akipita hapo mpe habari hizi, ila asitangulie kuzieneza mtaa mzima. Binti anakuamkia, anasema shikamoo shangazi, na anauliza viatu ulivyomwahidi.

Limebaki moja. Nimelificha makusudi mpaka hapa, kwa sababu ningeanza nalo usingesoma mengine.

Kila anayepewa kile chumba huulizwa jambo moja: siku mambo yakimzidi atampigia nani. Asiwe mke wake, asiwe mtu wa kituo. Awe mtu ambaye hawezi kumdanganya kwamba yuko sawa. Mama Funguo alipomuuliza, watu wakaanza kuangalia vikombe vyao. Mimi nikaangalia sakafu. Nilijua hana rafiki aliyebaki.

"Dada yangu," akasema.

Mama Funguo akamwambia atoe namba. Aliitaja yote, tarakimu moja baada ya nyingine, simu ikiwa mfukoni. Hakuigusa. Njiani nilimuuliza ameikumbukaje mwaka wote huu. Akaniambia kila ulipopiga alikuwa anaisoma.

Barua hii anakuja nayo jirani yetu anayesafiri kesho, utaipata kabla ya Jumapili ijayo. Jumapili hiyo jioni atakupigia, akishamaliza wiki yake ya kwanza, ili awe na la kukueleza. Ameniambia anaogopa kwamba na wewe utaitazama tu.

Mola akulinde, akuzidishie siku na akupe moyo mwepesi. Ni mimi wifi yako akupendaye, hata wakati ule uliponinyima kilemba cha harusi.

Mke wa kaka yako.