Saa ya Bwana Harusi Kutoka Dubai

Mama yangu kipenzi,

Nina habari ambayo ungekuwa hai ningekukimbilia nayo nyumbani kwako Ng'ambo bila hata kuvaa viatu. Lakini kwanza nikukumbushe Dubai.

Ile wiki tuliyokwenda kutembea kabla ya harusi yangu, wewe na mimi tu. Ulisema tunakwenda kupumzika, na siku ya pili tukajikuta tunapanda ngazi nyembamba nyuma ya bwana mmoja wa sokoni aliyetuamkia kwa Kiswahili. Alisukuma kabati, kumbe nyuma yake kuna chumba kizima cha saa feki. Nikageuka kutazama ngazi kama tunaiba. Wewe ukavua miwani, ukaisogeza moja mpaka puani, ukamuuliza kwa sauti yako ya sokoni Darajani, "Hii ikiingia maji?"

"Mama, hii hata mwenye kiwanda hataijua."

Tulicheka mpaka chini ya ngazi, saa imo ndani ya kifuko chekundu alichotupa. Ndiyo ikawa saa ya Masoud, bwana harusi wangu.

Tuliporudi ukaanza kuogopa. Siku mlipopeleka zawadi zake kwao, mimi bi harusi nilikuwa nimefungiwa ndani, ukaja kunihadithia. Kanzu ikainuliwa mbele ya wanawake, vigelegele. Joho, vigelegele. Ilipoinuliwa saa, ukainamisha uso. Mama mkwe wangu, Bi Rukia, aliigeuzageuza akasema tu, "Mashaallah." Tangu hapo ukawa humtazami usoni. Kila Idi ulikwenda kwake, ukanywa nusu kikombe cha kahawa, ukaaga. Hata ulipokuwa kitandani mgonjwa hukuniuliza habari za dawa. Uliniuliza, "Salma, hawajajua?" Nikakwambia hawajajua.

Sasa sikiliza. Juzi nilikuwa nakuna nazi uani kwa Bi Rukia, nikachoka kuibeba siri hii peke yangu, nikamwambia. Alicheka mpaka ushungi ukamvuka.

"Mwanangu, nlijua siku ile ile. Nlikitambua kile kifuko chekundu. Na saa tuliyokutilia wewe kwenye sanduku lako la harusi, ilitoka nyuma ya kabati hilo hilo. Miaka yote nkimuogopa mamako. Nkisema huyu keshanigundua, ndiyo maana hata kahawa yangu haimalizi."

Mama, furaha hii sijui niiweke wapi. Leo nimeivaa feki yangu na kupita nayo mjini mkono juu. Ile aibu uliyokwenda nayo kaburini haikuwapo kabisa, na natamani ningekuwa na njia ya kukufikishia hilo.

Ila Bi Rukia alipomaliza kucheka alifuta macho, akaendelea kuyafuta. "Nlimtaka awe shoga yangu," akasema. Nilimwambia nawe ungependa, maana nakujua. Amesema Ijumaa atakuja nyumbani kwako kukusomea Yasini, na safari hii hana haraka ya kuaga.

Lala kwa amani, mama.

Bintiyo,
Salma